Bei ya Sahani za Mzee

Katika ukoo wetu mimi ndiye mchumi. Nasoma shahada ya uzamili ya uchumi pale Mlimani, na kwa ndugu zangu hilo maana yake ni kwamba najua bei ya kila kitu: kiwanja cha Mlandizi, mbuzi wa Idi, dola itashuka lini. Nimeshazoea. Kwa hiyo siku Shangazi aliponiuliza sahani za santuri siku hizi zinakwenda bei gani, sikushangaa kuulizwa. Nilichoshangaa ni kwamba tayari kulikuwa na mtu aliyezitajia bei.

Ninaishi kwa Shangazi huyo, Kwa Mathias, Kibaha, katika chumba cha uani ambacho zamani kilikuwa stoo ya marehemu mumewe. Sisi wote tulimwita Mzee. Alikuwa fundi redio. Alianzia Tanga, akahamia Morogoro, akamalizia Maili Moja kwenye kibanda kilichokuwa na redio mbovu nyingi kuliko nzima, na alipofariki mwaka juzi aliacha vitu ambavyo hakuna aliyejua avifanyie nini: kasha la transista, shoka moja zuri sana, na sanduku la mbao lililojaa santuri. Sanduku hilo nimelala jirani nalo mwaka mzima. Juu yake nilikuwa naweka chaja na vitabu vya takwimu.

Aliyetaja bei ni kijana wa Dar, mwenye begi la mgongoni na adabu nyingi. Vijana wa aina yake wapo kadhaa. Wanazunguka Tanga, Morogoro, Tabora, popote palipokuwa na bendi na baa, wanawauliza wazee kama wana sahani za zamani, kisha wanaziuza kwa wakusanyaji wa Ulaya, Marekani na Japani. Alizipitia sahani za Mzee kwa dakika kama ishirini, akiziinamisha moja moja kwenye mwanga wa mlango, akasema: "Mama, zote kwa pamoja nakupa laki tatu."

Shangazi hakukataa wala hakukubali. Kitinda mimba wake anasoma uuguzi, na ada iliyobaki ilikuwa laki saba, mwisho wa kulipa mwisho wa mwezi wa tatu. Asiyemaliza haingii kwenye mtihani. Akamwambia yule kijana arudi baada ya wiki mbili. "Nizungumze kwanza na mwanangu, yeye ndiye anasomea mambo ya bei."

Ni kweli nasomea mambo ya bei. Lakini bei ninazozisomea ni za vitu vilivyo vingi: mahindi, saruji, mafuta. Vitu ambavyo kilo moja ni sawa na kilo nyingine, na wanunuzi ni wengi, na kesho soko litafunguliwa tena. Kitu ambacho pengine kimebaki nakala chache duniani, mojawapo iko chini ya chaja yangu ya simu, hakina mchoro kwenye kitabu chochote nilichowahi kufunguliwa darasani.

Mali bila daftari hupotea bila habari, basi nilianza na daftari. Santuri zilikuwa 53. Arobaini na moja ni zile ndogo zenye tundu kubwa katikati, za mizunguko 45 kwa dakika. Tisa ni zile nzito za mizunguko 78, mbili kati yake zimeshavunjika. Tatu ni kubwa za kisasa, yaani kisasa cha mwaka 1980 na kitu.

Shangazi alikuwa na hakika kwamba utajiri uko kwenye moja kati ya zile nzito, yenye picha ya mbwa. "Hiyo ni ya Siti, baba. Mzee alikuwa anaifunga kwenye kanga." Hoja yake ilikuwa na msingi. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kampuni ya Gramophone, wenye nembo ya mbwa anayesikiliza pembe ya kinanda, na sahani zile ndizo zilizomfikisha kwenye nyumba za watu wa pwani ambao hawakuwahi kumwona. Niliifungua ile kanga kama mtu anayefungua matokeo ya mtihani. Mbwa alikuwepo. Chini yake maandishi ya Kihindi, na maneno "Dum Dum", mahali karibu na Kalkuta ambapo kampuni hiyohiyo ilikuwa na kiwanda chake. Wimbo wa Kihindi. Shangazi aliitazama kwa muda mrefu.

"Basi ndiyo maana sikuwahi kuuelewa," akasema.

Zile nzito hazijatengenezwa kwa plastiki. Zimetengenezwa kwa utomvu wa mdudu wa India, uleule uliotumika katika lakiri iliyofunga bahasha za serikali, na ndiyo sababu zinavunjika kama kigae na haziwezi kusafishwa kwa spiriti. Spiriti inayeyusha lakiri. Kama una za bibi yako nyumbani, tafadhali: maji safi, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, na usilowanishe karatasi ya katikati. Hilo nalisema kwa sababu kila mtu niliyemweleza habari hizi aliniambia ana za kwao mahali fulani, na kila mmoja alikuwa na mpango wa kuzifuta kwa spiriti.

Lebo za zile ndogo zilikuwa somo la jiografia. Wanamuziki ni wa Tanga, Morogoro, Dar es Salaam, Tabora; anwani ni Nairobi na Mombasa. Tanzania haikuwahi kuwa na kiwanda cha kupiga chapa santuri kilichofanya kazi. Bendi zetu zilirekodiwa na Radio Tanzania kwenye utepe, wimbo ukapigwa redioni nchi nzima, lakini utepe hauuzwi dukani. Bendi iliyotaka sahani ilipanda basi kwenda Kenya. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965, alitoka kwenye lebo ya Mzuri, ya duka la Assanand la Mombasa. Mbaraka Mwinshehe alirekodi Nairobi kwa Polygram. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka 1983. Sahani iliyopigwa chapa Nairobi katika miaka hiyo ilifika Maili Moja kwa njia ambazo Mzee hakupenda kuzieleza.

Kwa hiyo uhaba wa santuri zetu una tabaka nyingi, na si tabaka zote zina thamani sokoni. Nyingine ni haba kwa sababu zilitoka chache. Nyingine zilitoka nyingi mno, watu wakazipenda mno, zikapigwa mpaka zikaisha. Hizi za pili ndizo zilizonichanganya. Wimbo ambao kila mzee anaukumbuka unaweza kuwa wa bei ndogo kwa sababu nakala zipo kwa mamia, ila nakala safi ya wimbo huohuo ikawa ghali kuliko ya bendi isiyojulikana, maana nani alibaki na nakala safi? Aliyenunua na asiipige. Watu wa hivyo hawakuwa wengi.

Niliazima mashine kwa rafiki wa Mzee, Kongowe, nikaifunga mkanda mpya niliokata kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, nikazisikiliza zote kwa usiku nne. Nyimbo za dansi za enzi hizo ni ndefu kuliko upande mmoja wa sahani, kwa hiyo ziligawanywa: upande wa kwanza maneno, unageuza, upande wa pili ndiko kwenye chemko, magitaa yanapokimbizana na watu wanapoacha meza. Karibu katika kila sahani ya Mzee, upande wa pili umechakaa kuliko wa kwanza. Waliokuwa wanajua, walikuwa wanaanzia huko.

Soko lina madaraja yake kwa ajili ya mambo haya, na ukiyasoma mara ya kwanza unaweza kudhani yaliandikwa na mtu wa Pwani mwenye aibu ya kusema vibaya. Juu kabisa kuna sahani isiyoguswa. Chini yake ile iliyo karibu na mpya, ambayo ndiyo kipimo cha bei zote. Kisha "nzuri sana na zaidi", ambayo kwa mazoea ni nusu ya bei ya kipimo. Kisha "nzuri sana", kama robo. Kisha "nzuri", sehemu ya kumi au zaidi kidogo. Na nzuri hiyo maana yake ni kwamba inalia mpaka mwisho, ila kama kuna mtu anakaanga dagaa nyuma ya mwimbaji. Mzee alikuwa na nzuri nyingi.

Mwaka 1970 George Akerlof alichapisha makala ambayo kila mwanafunzi wa uchumi huisoma, kuhusu soko la magari yaliyotumika. Wamarekani gari bovu huliita limau. Sisi tungesema mkweche. Hoja yake ni kwamba muuzaji anajua kama gari ni mkweche na mnunuzi hajui, kwa hiyo mnunuzi hutoa bei ya kati kwa yote, wenye magari mazima wanaona wanapunjwa na kujitoa, na sokoni inabaki mikweche. Nimeijibu kwenye mitihani mara mbili. Lakini kwenye uzio wa Shangazi ujinga ulikuwa umegawanywa kwa namna nyingine. Yeye alijua sahani ipi ilidondoka, ipi ilimwagiwa chai, ipi iliazimwa harusini ikarudi ina mkwaruzo, hakujua bei. Mnunuzi wa Ubelgiji anajua bei, hajui chai. Katikati amesimama kijana mwenye begi ambaye anajua nusu ya hiki na nusu ya kile, na anachouza hasa ni zile nusu mbili.

Nikaingia mtandaoni kumpunguzia faida.

Kuna tovuti iitwayo Discogs, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000, ambapo wapenzi wenyewe huandika kila toleo la kila santuri wanayoifahamu, na pembeni ya kila toleo kuna historia ya mauzo: bei ya chini, ya kati na ya juu. Ni kitu kizuri sana kwa mtu anayependa takwimu, mpaka atazame vizuri. Jambo la kwanza nililojifunza ni kutotazama bei wanazotaka wauzaji. Anayetaka euro 200 anaweza kuzitaka mpaka siku ya kiama. Bei ni ile ambayo mtu aliitoa. La pili lilinichukua muda zaidi. Sahani moja ya bendi ya Tanga (sitataja majina ya nyimbo, soko hili ni dogo na wanunuzi wake wanasoma) ilikuwa imeuzwa mara tatu: euro 9, euro 24, euro 70. Tovuti inakwambia bei ya kati ni 24. Kihesabu ni kweli. Lakini ya 9 ilikuwa na ufa, ya 70 ilikuwa karibu na mpya, na ya 24 iliuzwa miaka mingi iliyopita kabla wimbo haujajulikana huko. Namba tatu, sahani tatu tofauti, nyakati tatu. Kuzitafutia wastani ni sawa na kuuliza wastani wa bei ya embe, baiskeli na nauli ya Mbezi.

Njia niliyoifuata mwisho haina uzuri wa kitabuni. Nilichukua kila mauzo niliyoyapata, nikayarudisha kwenye bei ya kipimo kwa kutumia madaraja, nikayapa uzito zaidi yaliyo ya karibuni, na pale palipokuwa na mauzo moja tu nikatazama sahani nyingine za bendi hiyohiyo na lebo hiyohiyo. Pale pasipo na kitu kabisa, nikatazama ni watu wangapi wameiweka kwenye orodha ya wanazozitafuta na wangapi wanasema wanayo. Kumi na tano wanaitafuta, wawili wanayo: hapo kuna bei hata kama hakuna aliyewahi kuitaja.

Katika kutafuta nilijikuta nasoma habari za wakusanyaji wa muziki wa klasiki wa Ulaya, kwa sababu wao wamekuwa kwenye ugonjwa huu muda mrefu na wana maneno ya kila dalili. Kuna mpiga fidla wa Hungaria, Johanna Martzy, aliyerekodi vipande vya Bach vya fidla peke yake katikati ya miaka ya 1950 kwa kampuni ya Columbia ya Uingereza, sahani tatu. Nakala za chapa ya kwanza zinauzwa kwa maelfu ya pauni. Muziki wenyewe umetolewa upya mara nyingi, unaupata kwa bei ya chakula cha mchana. Anayelipa maelfu halipii Bach. Martzy alifariki mwaka 1979, mwaka uleule ambao Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, na usiku ule niliposoma hilo niliwaza kwamba laiti wangekutana wangekuwa na mengi ya kuzungumza kuhusu mikataba.

Ila kuna jambo ambalo wenzetu wa klasiki wanalichukulia kama sheria na kwetu linageuka. Kwao, diski iliyokuwa adimu ikitolewa upya, bei ya ile ya zamani kwa kawaida hushuka, kwa sababu waliokuwa wanautaka muziki wameupata. Diski za kwanza za taarab ya Zanzibar za kampuni ya GlobeStyle ya London, za mwaka 1988, ambazo ningeziita za klasiki kwa haki zote, nadhani ziko karibu na sheria hiyo. Kwa santuri ndogo za dansi nimeona kinyume. Wimbo uliokuwa haujulikani ng'ambo ukiingia kwenye mkusanyiko kama Zanzibara, mfululizo wa lebo ya Buda ya Ufaransa ambao juzuu yake ya tatu mwaka 2007 ilikuwa ya bendi zetu za miaka ya 1960, watu wanaanza kuitafuta sahani yake. Kutolewa upya ndiko kunakoitambulisha. Hilo lilinifanya nipandishe bei za sahani nne kwenye jedwali langu, na sijajuta.

Sasa kuhusu kalamu.

Mzee alikuwa anaandika kwenye sahani zake. Kwenye lebo yenyewe, kwa kalamu ya wino, mwandiko mdogo uliolala kulia. Mahali, siku, mwaka; wakati mwingine jina la aliyemletea, maana wateja wengine walilipia matengenezo ya redio kwa sahani. "Tanga, Jumamosi, 1974." "Kutoka kwa fulani, badala ya shilingi sita." Kwenye bahasha za karatasi aliandika madeni: betri mbili, waya, spika. Katika madaraja ya soko hiki ni kilema. Wauzaji wana kifupisho chake kabisa, na kinashusha bei kama mkwaruzo, wakati mwingine zaidi, kwa sababu mkwaruzo husikika tu na maandishi huonekana kwenye picha.

Lakini santuri za Afrika Mashariki mara nyingi hazina mwaka uliochapwa. Ukipekua tovuti utaona toleo baada ya toleo, sehemu ya mwaka iko wazi, au imejazwa kwa kukisia. Mzee hakukisia. Pale anapoandika kwamba sahani fulani ilimfikia Tanga mwezi wa nane 1974, basi haikutoka 1976 kama mtu mmoja wa Uholanzi alivyoandika kwa kujiamini. Nilihesabu sahani 31 zenye tarehe. Thelathini na moja, na kwa kila moja soko linakata bei kwa sababu ya kitu pekee kinachosema ilizaliwa lini. Nilizipiga picha zote, pande zote mbili, pamoja na bahasha.

Jedwali langu lilipokamilika lilisema hivi: thamani ya kawaida ya sahani zote, kwa hali zilizo nazo, ni kama euro 390. Kwa euro moja ya shilingi 3,000 hivi, milioni moja na laki moja na sabini. Shangazi alipoisikia namba hiyo alikaa kwenye kigoda.

Ikabidi niimenye mbele yake. Hiyo ni bei ya mtu aliye Ulaya, mwenye akaunti yenye sifa, anayeuza moja moja kwa mwaka mzima au miwili. Toa makato ya tovuti. Toa makasha ya kusafirishia, na nauli ya posta, ambayo kwa sahani ya euro 8 inaizidi sahani. Toa zitakazovunjika. Toa wanunuzi watakaodai kwamba dagaa wanasikika zaidi ya walivyoambiwa. Njia za malipo ya mtandaoni nilizozijaribu zilikuwa tayari kunipokea kama mlipaji. Kama mlipwaji, hapana. Na muuzaji mpya asiye na sifa, kutoka nchi ambayo mnunuzi hajawahi kupokea kifurushi chake, huuza kwa hasara mpaka aaminike. Baada ya yote nilibaki na kama euro 240, zitakazoingia kidogo kidogo mpaka mwakani. Kitabuni thamani ya fedha za mwakani hushushwa kwa kiwango cha punguzo. Kwa Mathias kiwango hicho kinaitwa mwisho wa mwezi wa tatu.

"Kwa hiyo?" Shangazi akauliza.

"Kwa hiyo laki tatu ni kidogo, milioni ni ndoto. Akifika tano na nusu, ametenda haki."

"Na yeye anakula nini?"

Swali hilo silo nililotegemea kutoka kwake. Nikamwambia akizitoa kwa utaratibu atapata kama mara mbili, ila kwa jasho na kwa kungoja. Akatikisa kichwa, akasema mtu aliyekuja kwa miguu mpaka mlangoni asirudi bila nauli.

Kijana alirudi Jumamosi kama alivyoahidi. Nilimwonyesha jedwali kwenye kompyuta, na nakiri lilimfurahisha zaidi kuliko kumtisha. Alisogeza kiti, akaanza kunisahihisha. Hii umeipa daraja la juu, kaka, hebu iinamishe, unaona ule ukungu? Hii umeiacha chini, hii ina watu wake Japani. Alijua mambo ambayo hayapo kwenye tovuti yoyote. Tuliendelea hivyo saa nzima, na ilikuwa seminari nzuri kuliko nyingi nilizokaa mwaka huu.

Tulipofika kwenye kalamu tukagongana. Akasema zenye maandishi anakata theluthi. Nikamweleza habari za tarehe, nikamwonyesha yule Mholanzi na 1976 yake.

"Kaka, nakuelewa, na hilo ungeliandikia kitu," akasema. "Lakini tarehe hainunuliwi. Mtu anataka lebo safi aipige picha aiweke ukutani."

Alitoka laki tatu akaja tatu na tisini, akaja nne na nusu. Nilipokuwa bado natafuta namna ya kumvusha tano, Shangazi aliinuka, akaja kwenye sanduku, akaanza kuchambua. Hakuuliza ipi ina thamani. Alisoma maandishi kwa kuyasogeza karibu na jicho, nyingine akirudisha, nyingine akiweka pembeni juu ya kanga ileile ya yule mbwa wa Dum Dum. Alitoa saba. Katika hizo saba moja tu ilikuwa kwenye kumi bora zangu. Nyingine ilikuwa imechakaa kiasi kwamba nilikuwa nimeiandikia sifuri, na juu yake pameandikwa jina la Shangazi la usichana, Chumbageni, Idi, 1973.

"Zilizobaki, sema bei yako ya mwisho," akamwambia.

Yule kijana alizitazama zile saba, akanitazama mimi, nadhani akihesabu kama ipo aliyoipoteza. Ilikuwepo. Akasema laki tano na thelathini, kwa 46. Nilikuwa nafungua mdomo.

"Biashara haigombi," Shangazi akasema. "Hesabu."

Kijana alihesabu. Laki na sabini zilizopungua Shangazi alikopa kwenye kikoba chao, na ada ililipwa siku nne kabla. Nilifikiri sana kuhusu bei ile baadaye, kwenye daladala za kwenda Mbezi hasa, ambako mtu ana muda. Alizotoa Shangazi zilishusha jedwali langu hadi euro 340 hivi, na ukifuata hesabu ileile ya makato, alichopewa kilikuwa ndani ya kiwango nilichokitaja mwenyewe. Ningeweza kumvuta kijana mpaka laki tano na themanini. Pia angeweza kuondoka. Nimejaribu kuandika tofauti ya shilingi elfu hamsini kama dhuluma na kama heshima, na zote mbili zinaingia kwenye mlinganyo bila kulalamika.

Mwezi wa saba moja ya zile 46 ilitokea mtandaoni, muuzaji yuko Ujerumani, daraja "nzuri sana", euro 48. Nilikuwa nimeiandikia 40. Chini ya picha ameweka onyo kwamba lebo ina maandishi ya kalamu. Picha yenyewe ilikuwa nzuri, imepigwa kwenye mwanga wa dirisha, na mwandiko wa Mzee unasomeka kuliko nilivyoupiga mimi uani.

Nilimwonyesha Shangazi akiwa anachambua mchele. Alijifuta mikono, akachukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka lebo ikajaa kioo chote. Euro 48 hakuziuliza. Alisoma jina la mtu aliyeileta sahani ile dukani, akalirudia.

"Huyu alikuwa anadaiwa betri mbili," akasema. "Sijui kama alilipa."